Samaki Wenye Pengo Mkiani

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado haijaiva na karani wa mapokezi akiwa hajafika, Mama Mkwe alifungua mlango wa mbele ili amwage maji ya kupigia deki, akakuta samaki wamepanga foleni. Foleni ilianzia kidato cha juu cha ngazi, ikashuka, ikapita kando ya magari ya kampuni, ikakunja kwenye geti na kuendelea nje, ukingoni mwa mtaro. Walikuwa perege wa ukubwa wa kiganja, wamelala kwa matumbo, kila mmoja akiwa amemwachia aliye mbele yake nafasi ya kutosha kupunga mkia. Mama Mkwe aliyatazama maji ndooni. Yalikuwa na sabuni. Akazunguka nyuma ya nyumba kuyamwaga huko, akarudi na ndoo ya maji safi, akawanyunyizia.

Mlinzi alikuwa amesimama getini, kofia kwapani.

"Wamefika saa ngapi?" Mama Mkwe aliuliza.

"Alfajiri, mama. Nilitaka kuwazuia, lakini nikaona wamekuja kwa utaratibu. Hakuna aliyemsukuma mwenzake."

"Na paka?"

"Yule pale."

Paka wa jirani alikuwa amekaa juu ya ukuta, akiwatazama samaki kama mtu anayetazama msiba wa watu asiowajua: kwa heshima, bila kukaribia.

"Nadhani anaogopa foleni yenyewe," alisema mlinzi. "Hata mimi nikiona foleni ndefu namna hii, njaa huniisha."

Mama Mkwe aliinama, magoti yakilalamika kidogo, akamwinua samaki wa kwanza na kumgeuza mkia. Kwenye ncha ya juu palikuwa na pengo dogo lililokatwa kwa mkasi, nalo liliinamia upande, kwa kuwa aliyelikata alitumia mkono wa kushoto. Akamtazama wa pili, na wa tatu, na aliyekuwa nyuma ya huyo. Wote walikuwa wake. Aliwachanja mwenyewe wakati wa masika, mmoja mmoja, akawatia pengo. Hawakuwa na sababu ya kurudi.

Kabla ya samaki, Mama Mkwe alikuwa muuguzi wa chanjo za watoto. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kiti kimoja cha chuma katika zahanati, mbele yake foleni ya kina mama, na kila aliyefika alisikia neno moja tu kutoka kwake: "Anayefuata." Nusu ya watu wazima wa mji ule wana kovu lake begani. Meneja wa benki analo. Mlinzi analo. Mkwe wake analo pia, kwani alichanjwa akiwa na siku chache tu duniani, akapiga kelele kuliko wenzake wote, jambo ambalo Mama Mkwe alilikumbuka siku ya posa lakini hakulitaja.

Alipostaafu, mikono ilikosa kazi. Ilikuwa ndiyo miaka ambayo kila mwenye kiwanja chenye unyevu alichimba bwawa na kufuga samaki, na kila joto lilipoingia, samaki walipatwa na ugonjwa wa kuzunguka. Samaki aliyeugua aliogelea duara moja juu ya maji kama mtu aliyepoteza pete, macho yakavimba, na jua lilipofika utosini alikuwa ameelea tumbo juu. Mama Mkwe aliuliza kama ugonjwa huo una chanjo, akaambiwa ipo, lakini kila samaki sharti achomwe kwa mkono. Akajibu kwamba watoto nao hawakuwahi kuchomwa kwa mguu. Akaagiza chupa ya kwanza, akaihifadhi kwenye friji ya jikoni kwake, kati ya siagi na ndimu.

Kazi ilifanyika kwenye kibaraza cha nyuma. Palikuwa na beseni la usingizi, lenye maji yaliyotiwa mafuta ya karafuu, ambamo samaki alilegea akawa kama soksi iliyolowa; na palikuwa na beseni la kuamkia, ambamo alizinduka na kuanza kutafuta mlango. Katikati palikuwa na sindano, na mkasi. Kanuni zilikuwa mbili, alizitunga mwenyewe. Samaki mwenye pengo hachanjwi tena, asije akafanya uvimbe tumboni kwa kuchomwa mara mbili. Na samaki asiyechanjwa hatiwi pengo, kwa sababu huo ni uongo. Wanawake aliowafundisha kazi walisema kwamba mtu akisinzia kazini, kanuni ya pili ndiyo anayoiota.

Kisha binti yake akaolewa. Mkwe alikuwa kijana wa maneno mazuri aliyesomea biashara, na pale ambapo wengine waliona mabeseni, yeye aliona kampuni. Hakukosea. Sebule ikawa mapokezi. Chumba cha kulala wageni kikawa uhasibu. Banda la kuku likavunjwa, pakajengwa chumba cha baridi. Yakanunuliwa magari, wakaajiriwa wanawake wengine, wakavalishwa mabuti na aproni za mpira, na juu ya paa likasimamishwa bango lenye mkia wa samaki ulio na pengo kwenye ncha ya juu. Mkwe akawa mkurugenzi. Mama Mkwe akabakiwa na jiko na chumba kidogo kando ya jiko, wala hakulalamika, kwa kuwa binti yake alicheka siku hizo, naye alipenda kumsikia akicheka. Jina hilo la Mama Mkwe lilitumiwa na kampuni nzima, kuanzia kwa madereva hadi kwa mhasibu, wanaume ambao hawakuoa kwake na wengine ambao asingewaoza hata paka.

Mkurugenzi alikuwa na adabu. Hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni wala kumjibu moja kwa moja. Neno lolote baina yao, ukiacha salamu, lilipitia kwa mtu wa tatu, hata wote watatu wakiwa wamekaa meza moja. Mara nyingi mtu huyo wa tatu alikuwa binti.

Ni mkurugenzi huyo aliyeleta soksi. Ndivyo wanawake walivyoziita: vifuko vyeusi vya kitambaa vilivyovalishwa chupa za chanjo kuanzia kizibo hadi kitako, na kutoka humo mpira mwembamba, mweusi pia, ukateremka hadi kwenye sindano. Mwanga huharibu dawa, alieleza. Mama Mkwe alijua tangu zahanati kwamba zipo chanjo zinazoogopa mwanga, kwa hiyo hakubisha. Tangu siku hiyo alichanja bila kukiona anachochanjia.

Karani wa mapokezi alifika, akavua viatu vya njiani, akavaa vya ofisini, akachungulia nje.

"Wana miadi?" aliuliza.

"Hawana."

"Wanasema shida yao ni nini?"

"Hawasemi."

"Basi watasubiri kama watu wengine," alisema karani, akachukua kopo la kumwagilia maua na kuanza kuipitia foleni kutoka mwanzo, kwa zamu, ili asilalamike mtu.

Mama Mkwe alikwenda kwenye chumba cha baridi. Rafu zilikuwa mbili. Alichukua chupa ya rafu ya chini, ile iliyokuwa ikipakiwa kwenye magari kila siku, akaivua soksi. Dawa aliyoijua ilikuwa nyeupe na nzito kama maziwa ya kuchemsha. Iliyokuwa mkononi mwake ilipitisha mwanga, na kupitia kwake aliona vizuri kabisa komeo la mlango. Akadondosha tone kwenye ulimi. Lilikuwa maji ya chumvi, tena hata chumvi yenyewe imebaniwa. Kisha akaivua soksi chupa ya rafu ya juu. Ile ilikuwa nyeupe. Kwenye ukingo wa rafu hiyo mtu alikuwa amebandika vikaratasi: Bwawa la Hoteli, Bwawa la Mheshimiwa, Mabwawa ya Kiwanda. Rafu ya chini haikuwa na kikaratasi, kwa sababu ilikuwa ya watu wote waliobaki.

Akasimama pale kwenye ubaridi kwa muda, chupa moja kila mkono. Akawawazia samaki wote waliopita mikononi mwake tangu masika, na mkasi wake ukisema juu ya kila mmoja neno ambalo halikuwa kweli. Joto lilikuwa mlangoni. Siku chache tu mbele, maji ya mabwawa yangepata uvuguvugu, na wenye pengo wangeanza kuzunguka.

Akazibeba chupa zote mbili hadi jikoni, akaziweka mezani, akaiteremsha chai.

Mkurugenzi alifika pamoja na mkewe. Aliegesha gari nje kwa kuwa njia ilikuwa imezibwa, akapita kando ya foleni kwa kunyata asije akamkanyaga mtu, akiwaitikia samaki kwa kichwa kama ilivyo desturi yake kwa wateja.

"Shikamoo, mama," alisema akilitazama birika.

"Marahaba. Karibuni chai."

Chai ilinywewa kwanza. Kisha Mama Mkwe akamgeukia binti yake. "Mwulize mumeo hii ni nini."

"Mama anauliza hii ni nini."

"Mwambie mama ni dawa ile ile, ila imezimuliwa."

"Anasema imezimuliwa."

"Mwulize kwa kiasi gani."

Mkurugenzi alikoroga chai ambayo alikuwa amekwisha kuikoroga. "Mwambie mama imezimuliwa kikamilifu."

Binti alirudia maneno hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma bango lililoandikwa kwa lugha asiyoijua.

"Mwambie mama pia," mkurugenzi aliendelea, "kwamba kampuni imekua kuliko dawa inayopatikana. Mabwawa makubwa yana maabara, wanapima. Wale wadogo wanachotaka ni pengo. Mtu akiona pengo analala. Sisi tunawapa amani ya moyo, na mwaka jana joto halikuwa kali, hakuna aliyeulizwa lolote."

"Na mwaka huu?"

"Mwambie mama mwaka huu haujafika."

"Samaki wameuona. Ndiyo maana wapo mlangoni."

"Mwambie mama samaki hao wana pengo. Kanuni ya kampuni, aliyoitunga yeye mwenyewe, inasema mwenye pengo hachanjwi tena. Mimi ni nani hata niivunje?"

Binti hakuyarudia hayo. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili na kukitazama ndani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe neno lilifika kwake likakaa hapo hapo.

"Usijisumbue," Mama Mkwe alimwambia. "Nimesikia."

Akageuza kiti chote, miguu yake ikikwaruza sakafu, akamtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku ya harusi, na hata siku hiyo lilitokea kwa ajili ya picha.

"Bega lako la kulia lina kovu langu," alisema. "Ugonjwa niliokuchanjia umewahi kukupata?"

Mkono wa mkurugenzi ulipanda wenyewe ukashika bega juu ya shati. "Hapana, mama," alijibu, moja kwa moja.

"Mama yako alisimama foleni tangu asubuhi na wewe mgongoni, unalia kama unachunwa. Hakuwa na maabara. Alikuwa na mkono wangu tu. Ningeweza kumpa amani ya moyo akaenda zake, naye angeshukuru."

Nje, karani alisikika akimwambia samaki fulani arudi nyuma ya mstari.

Mkurugenzi alishusha mkono, akaweka tai sawa, macho yakarudi kwenye birika. "Mwambie mama," alimwambia mkewe, "kwamba dawa ile ilikuwa ya serikali. Hii ni ya kampuni."

Mama Mkwe aliinuka. Alikwenda kwenye chumba cha baridi, akatoa kreti nzima ya rafu ya juu, akaileta jikoni na kuipanga kwenye friji yake ya zamani, iliyokuwa bado inanguruma pale pale pa siku zote, kati ya siagi na ndimu. Akafunga aproni.

"Mwambie mumeo," alisema akiufuta mkasi, "kama ana la kunizuia, anizuie kwa mikono yake."

Hakuna mwanaume anayemshika mama mkwe wake mkono, na mkurugenzi, kama ilivyokwisha kusemwa, alikuwa na adabu. Alitoka akamwagiza mlinzi amzuie. Mlinzi alijikuna bega, lile lenye kovu, akafikiri kidogo, kisha akaenda kulileta beseni la usingizi.

Kiti kikawekwa kwenye kidato cha juu cha ngazi. Mabeseni yakapangwa, la usingizi kushoto, la kuamkia kulia. Samaki wa kwanza alipolegea, Mama Mkwe akamchoma kidogo chini ya tumbo, kwa pembe ile ile aliyowafundisha wengine, na dawa nyeupe ikaingia. Kisha akaufungua mkasi juu ya ncha ya chini ya mkia.

Binti alitokea mlangoni. "Mama, anasema usikate la pili. Anasema pengo la pili litasema kwamba la kwanza lilikuwa uongo."

"Ndivyo linavyosema," alijibu Mama Mkwe, akakata. "Anayefuata."

Jua lilipopanda, alifika mzee mwenye bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, suruali ikiwa imelowa magotini. Aliitazama foleni kutoka getini hadi ngazini kama mtu anayetafuta jamaa zake kituoni.

"Nimeamka nikakuta bwawa lina maji matupu," alisema. "Nikajiuliza, wameniacha au wameitwa mahali? Basi nikafuata unyevu." Akanyoosha kidole. "Yule mwenye doa ni wangu. Na yule mnene kule, hata foleni hajui, tazama alivyolala ubavu. Huyo nimemlea vibaya."

"Karibu, mzee mwenzangu. Watahudumiwa wote."

"Kwani hamkuwachanja masika?"

"Nilichowapa masika ni pengo. Chanjo wanaipata leo."

Mzee alilitafakari jambo hilo. "Nami nimelala usingizi mzuri miezi yote hii," alisema.

"Najua. Ndiyo kazi waliyonipa, bila kunieleza."

"Na hao waliokupa wako wapi?"

"Ndani, wanakunywa chai."

Mzee alikunja suruali, akachukua ndoo na kuanza kuwamwagia maji walioko mbali na karani. Alipofika kwa yule mnene alimlaza vizuri, akamwonya.

Kazi ilikwisha jua likielekea kuzama. Samaki aliyezinduka alijirusha kutoka kwenye beseni la kuamkia, akaufuata mtaro na kushika njia ya kwao, na wa mwisho alipotoka mzee aliondoka naye, wakienda mwendo mmoja.

Siku iliyofuata walikuja wa mabwawa ya bondeni, kisha wa nyuma ya shule, kisha wengine, wenye mapengo yaliyokatwa na wanawake wengine, lakini wote walikuja kwenye kiti kile. Wanawake wenzake wa kazi walipoiona foleni walizivua chupa zao soksi, wakatazamana, na waliokuwa na nafasi walikaa naye mchana mzima kabla ya kwenda kupakia chupa za rafu ya chini kwenye magari, kwa maana walikuwa na watoto wanaokula. Samaki wa Hoteli hawakuja, wala wa Mheshimiwa. Hawakuwa na haja.

Joto likaingia. Mabwawa ambayo samaki wake walifika mlangoni kwa Mama Mkwe yalitulia. Mabwawa ya karibu ambayo samaki wake walikuwa wavivu yalipoteza hao wavivu. Lakini kampuni ilikuwa imekua, na magari yake yalikuwa yamefika mbali, hadi mahali ambapo hata mtu mzima hafiki mjini kwa miguu kwa siku moja. Samaki wa huko nao waliondoka. Walikutwa kando ya barabara kuu, wamekauka, mstari mmoja usiokatika, kila mmoja na pengo lake, vichwa vyote vimeelekea mjini. Watu wa barabara waliwakusanya kwa makoleo, kwa sababu walikuwa wakisababisha utelezi.

Habari hizo zilipomfikia, Mama Mkwe hakuinua macho kutoka kwenye beseni. Alisema tu, "Walikuwa wanakuja," akaongeza kasi.

Afisa wa mifugo alikuja kukagua. Alishika samaki, akaona mapengo mawili, akauliza maana yake. Mkurugenzi alimweleza kwamba hiyo ni huduma ya ziada. Afisa akaisifu foleni, akasema kwamba katika ofisi yake mwenyewe hajawahi kuona utulivu wa namna hiyo, akaondoka na samaki watatu waliofungwa kwenye karatasi. Hao walikuwa wa sokoni.

Kwa kuwa wenye mapengo mawili hawakufa, wafugaji wakaanza kudai mapengo mawili. Hapo ndipo mkurugenzi alipoonyesha kwamba hakusoma bure. Wachanjaji wote wakaagizwa kukata juu na chini kwa mara moja, wakati ule ule wa kuchoma. Bango likapakwa rangi upya: mkia wenye mapengo mawili, na chini yake maneno, "Samaki Wetu Huja Wenyewe." Biashara ikapanuka hadi nyumba haikutosha. Likajengwa jengo jipya la vioo upande wa pili wa mji, lenye chumba cha baridi kikubwa chenye rafu mbili. Soksi zikashonwa mpya, zenye nembo.

Nyumba ya zamani haikuweza kufungwa, kwa kuwa haikuwa ya mkurugenzi, wala mwenye nyumba hakuwa mtu wa kufukuzwa na mkwe. Kwenye mchoro wa muundo wa kampuni iliitwa Tawi la Huduma kwa Wateja. Mama Mkwe alipoletewa kibao cha jina hilo alikitumia kufunikia beseni la usingizi. Gari la dawa halisi liliendelea kupitia mlango wa jikoni, kwa sababu dereva wake alizoea mlango huo na kovu lilikuwa begani kwake pia. Mama Mkwe alichukua kreti alizohitaji kabla hajamruhusu kwenda kwenye jengo la vioo. Mkurugenzi aliiweka gharama hiyo kwenye fungu la matangazo.

Binti alikuja asubuhi moja, akavua saa na bangili, akakaa kwenye kigoda upande wa beseni la kuamkia. Alikuwa hajacheka siku nyingi. Walifanya kazi hadi foleni ilipofika nusu.

"Mama, anasema ungehamia kule kwenye jengo. Kuna chumba chako. Kuna kiyoyozi."

"Mwambie aje aseme mwenyewe."

"Hatakuja."

"Najua. Nipe huyo."

Mchana binti alivaa saa yake akarudi kwenye vioo, mikono ikinuka karafuu. Wiki iliyofuata alikuja tena.

Masika yakaja yakaenda. Asubuhi ya kwanza yenye joto, chai ikiwa bado haijaiva, Mama Mkwe alifungua mlango akiwa na ndoo ya maji safi, akakuta foleni. Ilifika hadi mahali ambapo mlinzi alisema hajawahi kufika kwa miguu. Aliinama akamwinua wa kwanza, akamgeuza mkia. Pengo juu, pengo chini, mapya, yamekatwa vizuri na mtu aliyefundishwa vizuri. Akamtazama wa pili. Akamtazama wa tatu.

Mzee wa nyuma ya kiwanda cha matofali alikuwa amekwisha kufika, akiwa na ndoo yake mwenyewe. Yule mnene alikuwa wa sita, amewasindikiza wapya wa bwawa lake, amelala wima, maana alikuwa amejifunza. Mzee akaiona mikia, akaiweka ndoo chini.

Mama Mkwe aliketi. Samaki wa kwanza alipolegea alimchoma, na dawa nyeupe ikaingia. Mkono wa kushoto ukaushika mkasi, ukaufungua, ukakaa nao hewani. Juu palikuwa pamekatwa. Chini palikuwa pamekatwa. Palibaki pezi la mgongoni, na baada ya hilo la ubavuni, na mkurugenzi angeyafikia yote, moja baada ya jingine, hadi samaki aogelee bila mapezi na kampuni iwe na matawi kila mji.

Akaufunga mkasi. Akampa karani, aliyekuwa akipita na kopo la maua.

"Kauweke kwenye droo ya jikoni," alisema. "Pamoja na vijiko."

"Humtii alama?" mzee aliuliza. "Sasa tutamjuaje aliyechanjwa?"

Mama Mkwe alimtia samaki kwenye beseni la kuamkia na kungoja hadi alipozinduka, akageuka, akajirusha nje na kushika mtaro bila kutazama nyuma.

"Atajijua mwenyewe," alisema.

Upande wa pili wa mji, magari yenye mikia ya mapengo mawili milangoni yalikuwa yakitoka kwenye jengo la vioo, moja moja, yakiwa yamejaa chupa zilizovaa soksi. Mlio wake ulifika hadi ngazini. Samaki waliusikia, wakasogea mbele kidogo, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya mkia. Mama Mkwe alikunja mikono ya gauni, akautumbukiza mkono wa kushoto katika beseni la usingizi.

"Anayefuata," alisema.